Fonti Iliyomeza Mwani

Andika neno "mwani" kwa herufi ndogo, kisha hesabu vijiti vyake. M ina vitatu. W ukiiandika kwa mviringo ina vitatu. A ina kimoja ubavuni mwa tumbo lake, n viwili, i kimoja. Jumla ni vijiti kumi, na hakuna hata kimoja kinachopanda juu kama cha k au l, wala kinachoshuka chini kama mkia wa g au y. Kinachochomoza ni nukta ya i peke yake. Sasa neno hilo ulivishe fonti ya mwandiko wa kuunganisha, ambayo kila herufi inashikana na jirani yake, na uichague iwe nene. Utapata wimbi moja refu linaloanza popote na kuishia popote.

Ndivyo ilivyokuwa lebo niliyoletewa niitazame, ya sabuni ya mwani ya kikundi cha akinamama wa pwani ya mashariki ya Unguja. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, wengi wa wakulima wake ni wanawake, na kuuza sabuni kuna faida kubwa kuliko kuuza gunia la mwani mkavu kwa mnunuzi anayepanga bei mwenyewe. Bidhaa haina kasoro: kipande cha gramu 100, kimezungushiwa mkanda wa karatasi ya kaki. Jina limeandikwa kwa Pacifico, fonti ya bure iliyochorwa na Vernon Adams. Kwenye skrini ya simu ilipendeza. Rudi hatua tatu kutoka mezani, na jina linageuka utepe mweusi.

Pacifico si fonti mbaya. Tatizo ni namna tunavyokutana na fonti. Kwenye programu, kila fonti hujitambulisha kwa jina lake yenyewe, na jina la Pacifico lina P kubwa, lina f ndefu, lina nukta mbili za i. Yaani lina vilima na mabonde ya kutosha jicho lishike. Lobster ya Pablo Impallari, iliyotoka 2010 na kuenea hadi kwenye vibao vya chipsi, nayo ina L, b na t. Impallari aliitengenezea jozi nyingi za herufi zilizochorwa pamoja ili ziungane bila kuonyesha kiungo, kazi ya ustadi kabisa. Ila mnunuzi wa sabuni hasomi neno "Lobster". Jambo la kwanza, basi, ni kuandika jina la bidhaa yako katika kila fonti unayoifikiria, kwa ukubwa uleule litakaochapwa, kabla hujaipenda.

Baadhi ya wabunifu wakiona herufi ndogo zimeshindwa hukimbilia herufi kubwa. Kwa MWANI hilo linasaidia, lakini linaleta kazi nyingine. Tazama umbo la kila jozi. M inaishia kwa mstari wa wima na W inaanza kwa mstari unaoinama, kwa hiyo chini katikati yao panabaki uwazi wa pembetatu. W na A zinainama upande mmoja, zinaweza kusogezwa zikalaliana. A na N zinaacha pembetatu nyingine, safari hii juu. Halafu N na I ni wima kwa wima, zikibanwa zinafanana na herufi moja ya ajabu. Fonti nzuri ina jedwali ndani yake linalosogeza jozi kama hizi zenyewe; nyingi za bure zina jedwali fupi au hazina kabisa. Tulizisogeza kwa mkono: M na W zikakaribiana, W na A zikakaribiana zaidi, A na N kidogo, kisha N na I tukazitenga. Kipimo si rula. Geuza lebo juu chini, usisome, tazama weupe ulio katikati ya herufi. Ukionekana wa kiasi kimoja, umemaliza.

Lugha yetu ina majaribu mengi ya aina hiyo, kwa sababu silabi za TA, WA, YA na KA zimejaa kila mahali na zote zina mteremko. Andika TANGAWIZI kwa herufi kubwa na uone T inavyoikimbia A.

Fonti iliyochaguliwa mwishoni ni Alfa Slab One: nene, imesimama wima, kwenye ncha zake ina vitako vya mstatili. Sikuichagua kwa kuwa inapendeza kuliko nyingine. Niliichagua kwa sababu kikundi hicho kinafungasha viungo pia, na fonti ya jina inapaswa kubeba familia nzima ya bidhaa. Hapo iliki ndiyo mtihani. Katika Arial, I kubwa na l ndogo ni kijiti kilekile, hivyo neno "Iliki" linaanza kwa vijiti viwili ambavyo msomaji lazima avikisie. Kwa herufi kubwa zenye vitako, ILIKI inakuwa na I tatu zilizosimama imara, kila moja ina kofia na kiatu, na L na K zinajitenga bila shida. Udhaifu ulioizamisha Pacifico, yaani vijiti vingi mfululizo, hapa umegeuka pambo.

Karafuu ina herufi saba, na kishawishi kilikuwa kulibana neno ili lienee upana uleule wa MWANI. Kubana herufi kwa kuivuta kona ya kisanduku ni kosa ninaloliona kila soko ninalopita: vijiti vya wima vinakonda, vya mlalo vinabaki vinene, na herufi inaonekana kama imekanyagwa. Tulishika kimo kimoja kwa bidhaa zote na kuacha urefu wa neno utofautiane. Rafu ikipangwa, majina yanakaa mstari mmoja, na hilo ndilo linaloonwa na jicho la mteja.

Fonti za namna hii, zilizokusudiwa maneno machache makubwa, zilikua na matangazo. London ya mwanzoni mwa karne ya 19 ilitaka herufi za kupigana ukutani, na mwaka 1828 Darius Wells wa New York alitoa katalogi ya herufi za mbao kwa ajili ya mabango. Asili hiyo bado imo ndani yake. Kwa kuwa zinakusudiwa kuwa kubwa, nafasi kati ya herufi imebanwa tangu kiwandani, na baadhi zina nyuzi nyembamba sana kando ya vijiti vinene. Zikipunguzwa zinakufa. Chukua fonti ambayo uzi wake una unene wa asilimia 2 ya ukubwa wa herufi. Kwa pointi 9, uzi huo ni milimita 0.06. Printa ya stika ya joto, ile ya kawaida yenye nukta 203 kwa inchi, nukta yake moja ni milimita 0.125. Printa haiwezi kuchapa nusu ya nukta. Itauacha uzi au itaukuza maradufu. Playfair Display inaonekana ya kifahari kwenye jina la milimita 15, na inakatikakatika kwenye orodha ya viambato.

Kaki ina tabia ya kinyume. Inanyonya wino, kila mstari unavimba, na matundu madogo ndani ya a na e yanazibika. Muhuri wa mpira unaongeza balaa, maana mkono mzito unasukuma wino pembeni. Kwa hiyo fonti ya muhuri iwe nene kiasi, yenye matundu mapana, na jaribio lake lifanyike kwenye kaki yenyewe, si kwenye karatasi nyeupe ya ofisi. Na usidanganyike na jina jeupe juu ya kaki uliloliona kwenye skrini: printa ya kawaida haina wino mweupe, itaacha kaki kama ilivyo.

Orodha ya viambato tuliipa Open Sans, pointi 7. Hapa uzuri unawekwa kando. Sheria ya Ulaya ya lebo za vyakula, namba 1169 ya mwaka 2011, inataka herufi ndogo x iwe na kimo cha angalau milimita 1.2, au 0.9 kwa kifungashio ambacho upande wake mkubwa haufiki sentimita 80 za mraba. Sabuni haimo, lakini iliki inayopelekwa huko imo. Open Sans ya pointi 7 inatoa kama milimita 1.3. Times ya pointi 7 inabaki kwenye 1.1, ingawa kompyuta inaandika namba ileile. Pointi hazipimi kile jicho linachosoma.

Kopo la bidhaa ya kikundi ya kusugulia ngozi lilikuwa na shida yake. Kipenyo chake ni milimita 60, mzunguko wake 188, na msanifu wa kwanza alikuwa ametandaza jina kwenye nusu nzima ya mzunguko. Ukilitazama kopo kwa mbele, herufi iliyo nyuzi 60 kutoka katikati inaonekana nusu ya upana wake. Zaidi ya hapo inapotea. Jina likae ndani ya milimita 63 za mkunjo, yaani theluthi ya mzunguko, na likiwa fupi zaidi ni afadhali.

Kuhusu ruhusa nitasema kwa kifupi. Mitandao ya fonti za bure imejaa zile za "matumizi binafsi tu", na lebo ya kuuzia ni biashara hata kama unauza vipande ishirini. Zenye leseni ya wazi ya SIL, na fonti zote nilizozitaja kwa sifa hapa zimo, zinaruhusu biashara. Kagua pia kama fonti ina alama ya ng'. Nimeona chupa ya samli ambayo neno "ng'ombe" limebeba kisanduku kitupu mahali pa alama hiyo, kwa sababu mchoraji wa fonti hakuiweka.

Kisha kuna safari ya kwenda steshenari. Faili likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti yako, programu inaweka nyingine kimyakimya, na utakuta MWANI kwa Calibri baada ya karatasi hamsini kutoka. Geuza herufi za jina ziwe michoro kabla hujahifadhi PDF, na mwambie kijana wa printa achape kwa asilimia 100, asiguse chaguo la kutosheza ukurasa, maana linapunguza kila kitu na zile milimita 1.2 zinaondoka. Tarehe ya kutengenezwa iachiwe kisanduku kitupu kwenye karatasi isiyong'aa, kwa sababu itaandikwa kwa kalamu, na kalamu ya wino haishiki juu ya stika ya plastiki.