Faramir na Lawama za Wasomaji: Mapokezi ya Filamu ya The Two Towers

Utangulizi

Filamu ya The Two Towers, iliyoongozwa na Peter Jackson, ilianza kuonyeshwa mwezi Desemba 2002, mwaka mmoja baada ya sehemu ya kwanza ya The Lord of the Rings. Kwa vipimo vya soko na vya tuzo, mapokezi yake hayakuacha shaka. Iliingiza zaidi ya dola za Marekani milioni 900 duniani kote, ikateuliwa kuwania tuzo 6 za Oscar na kupata 2. Hata hivyo, sehemu moja ya hadhira iliipokea kwa moyo uliogawanyika. Miongoni mwa wasomaji wa riwaya ya J. R. R. Tolkien, ambayo juzuu lake lenye jina hilohilo lilichapishwa mwaka 1954, wapo waliosifu mandhari, vita vya Helm's Deep na usawiri wa Gollum, kisha wakamlalamikia Faramir. Mtu ambaye kitabuni anaikataa Pete, walisema, amegeuzwa kuwa mtu anayeitaka.

Makala hii inaichunguza lawama hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba wasomaji waliona kasoro iliyopo kweli, lakini wakaipa jina lisilo lake. Waliiita usaliti wa kitabu, ilhali kasoro yenyewe ni ya usababishi ndani ya filamu: Faramir wa filamu anabadilika, na filamu haionyeshi kinachombadilisha. Tofauti kati ya majina hayo mawili si ya maneno tu. Jina la kwanza humwezesha mtetezi wa filamu kuipuuza lawama yote kwa kusema kwamba kitabu ni kitabu na filamu ni filamu. Jina la pili halimwachii mwanya huo.

Faramir wa kitabu na Faramir wa filamu

Katika riwaya, Faramir anakutana na Frodo na Sam katika nchi ya Ithilien, anawahoji, kisha anawapeleka kwenye maficho ya askari wake. Anajua kwamba Frodo amebeba kitu chenye nguvu, lakini hajajua ni kitu gani. Akiwa katika hali hiyo ya kutojua, anatamka kwamba hangekichukua hata kama angekikuta njiani. Baadaye Sam anaropoka, siri inafichuka, na Wahobiti wanashika panga zao wakiwa wamezungukwa. Hapo ndipo Faramir anapoeleza kwamba maneno aliyoyasema kabla ya kujua yanamfunga kama kiapo. Kwake, kama Waswahili wasemavyo, ahadi ni deni. Anawalisha wageni wake, anawapa fimbo za kutembelea na chakula cha safari, kisha anawaachia waende zao.

Katika filamu, ambamo Faramir ameigizwa na David Wenham, kiapo hicho hakipo. Faramir anaigundua Pete, anainyanyua kwa ncha ya upanga ikiwa bado katika mkufu shingoni mwa Frodo, na anaamua kuipeleka kwa baba yake, Denethor. Inafaa kuzingatiwa kwamba maneno anayoyatamka wakati huo, kuhusu fursa ya nahodha wa Gondor kuonyesha ubora wake, yametoka kitabuni karibu yalivyo. Kitabuni anayatamka kwa tabasamu kali la mtu anayekitazama kishawishi na kukishinda, kisha anakaa na kucheka taratibu. Katika filamu yanasemwa na mtu aliyeanza kunasa. Msomaji aliyeyafahamu maneno hayo alisikia sauti aliyoizoea ikisema kinyume cha alichokizoea. Haishangazi kwamba hapo ndipo malalamiko mengi yalipojikita, kuliko penye mambo yaliyobuniwa upya kabisa, kama vile jeshi la Waelvu linalofika Helm's Deep, ambalo kitabuni halipo.

Lawama hiyo ilipata uzito zaidi kutokana na uhusiano wa mwandishi na mhusika wake. Katika barua zake, Tolkien aliandika kwamba Faramir alimjia bila kuitwa wakati wa kuandika, na kwamba, ikiwa yupo mhusika anayefanana naye mwenyewe, basi ni Faramir, ila kwa upande wa ujasiri. Kwa wasomaji waliozifahamu barua hizo, kumgusa Faramir kulikuwa karibu sawa na kumgusa mwandishi.

Utetezi wa waandishi wa filamu

Waandishi wa mswada wa filamu, hasa Philippa Boyens, walijitetea waziwazi katika makala za video zilizoambatana na toleo refu la mwaka 2003. Utetezi wao una nguzo mbili. Ya kwanza ni ya muundo. Kisa cha buibui Shelob, ambacho ndicho kilele cha safari ya Frodo katika juzuu la pili, kilihamishiwa filamu ya tatu. Kwa hiyo Frodo na Sam walihitaji kilele kingine, na Faramir ndiye aliyekuwa karibu. Nguzo hii ina msingi hata kitabuni. Kwa mujibu wa kalenda iliyomo katika viambatisho vya riwaya, vita vya Helm's Deep vinapiganwa usiku wa kuamkia Machi 4, Frodo anakutana na Faramir Machi 7, na kisa cha Shelob kinatukia baada ya hapo, wakati mji wa Minas Tirith unakaribia kuzingirwa. Aliyetaka kufuata mpangilio wa wakati alikuwa na sababu ya kumsogeza Shelob mbele.

Nguzo ya pili ni ya dhamira. Filamu ya kwanza ilikuwa imetumia muda mrefu kuionyesha Pete kuwa kishawishi kisichoshindika: Gandalf anaiogopa, Galadriel anatetemeka mbele yake, Boromir anaangamia kwa ajili yake. Kumleta mtu asiyeguswa nayo, kwa mujibu wa utetezi huo, kungeiondolea Pete makali.

Nguzo hii ya pili ndiyo inayohitaji kupimwa, kwa kuwa inamchukulia Faramir wa kitabu kuwa mhusika bapa, asiye na mgogoro wa ndani. Dhana ya mhusika bapa na mhusika duara, iliyoasisiwa na E. M. Forster mwaka 1927, mara nyingi hutumiwa kana kwamba mhusika asiyebadilika ni mhusika asiye na uhai. Lakini kutobadilika si kutojaribiwa. Tukio la kitabuni limejaa taharuki, na taharuki hiyo inatokana na pengo kati ya ahadi iliyotolewa gizani na thamani ya kitu kilichokuja kujulikana nuruni. Jaribio linaufichua utu ambao tayari ulikuwa umejengeka. Filamu, kwa upande wake, inataka utu ujengeke mbele ya macho ya mtazamaji. Hizo ni njia mbili tofauti za kuusawiri wema, na kila moja ina masharti yake. Anayechagua njia ya pili anawajibika kuonyesha hatua za ujenzi huo.

Hadhira mbili, upeo mmoja

Hans Robert Jauss, katika nadharia ya mapokezi aliyoianzisha miaka ya 1960, alieleza kwamba kila hadhira huikabili kazi ikiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi zilizotangulia. Linda Hutcheon, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu ugeuzaji wa kazi kutoka umbo moja hadi jingine, alitofautisha hadhira inayoijua kazi ya awali na hadhira isiyoijua. Kwa kuunganisha mawazo hayo mawili, inaonekana kwamba mwendelezo wa filamu unakabiliwa na hali ngumu kuliko filamu ya kwanza. Msomaji anaupima kwa kitabu na kwa filamu iliyotangulia. Asiyesoma anaupima kwa filamu iliyotangulia peke yake.

Kwa upande wa Faramir, matarajio ya asiyesoma yalikuwa yameandaliwa na Boromir. Alimwona kaka mtu akishindwa, akatarajia mdogo mtu ashindwe au aponee chupuchupu. Faramir wa filamu alilingana na matarajio hayo, na hapo waandishi wa mswada walikuwa sahihi. Msomaji naye alijua kwamba Tolkien aliwaweka ndugu hao sambamba ili watofautiane. Filamu inawakaribianisha hadi tofauti yao inabaki kuwa ya dakika chache za mwisho.

Ni hapo, katika dakika hizo za mwisho, ambapo hadhira zote mbili zinakutana. Katika magofu ya Osgiliath, Frodo anapanda ukutani na kuinyoosha Pete mbele ya Nazgûl. Sam anamvuta, wanaporomoka pamoja, na Frodo anamwekea rafiki yake upanga kooni. Sam anazungumza kuhusu hadithi kuu za kale na watu ambao hawakurudi nyuma. Kisha Faramir anasema kwamba sasa wanaelewana, na anawaachia, ingawa anaonywa kwamba sheria inamhukumu kifo kwa tendo hilo. Mtazamaji ana haki ya kuuliza: Faramir ameelewa nini? Alichokiona ni mbebaji wa Pete akikaribia kumkabidhi adui kitu hicho. Kwa kamanda yeyote, ushahidi huo ungethibitisha kwamba Pete haiko salama mikononi mwa Frodo. Filamu inamfanya aamue kinyume cha ushahidi wake, na inategemea muziki na hotuba ya Sam kuliziba pengo hilo.

Swali hilo halihitaji kitabu. Linaweza kuulizwa na mtu ambaye hajawahi kumsoma Tolkien. Wasomaji waliliona mapema kwa sababu walikuwa na Faramir mwingine wa kumlinganisha naye, lakini kasoro waliyoiona ilikuwa ya filamu yenyewe.

Treebeard kama kipimo

Kipimo cha hoja hii kimo ndani ya filamu hiyohiyo. Kitabuni, Waenti wanakutana, wanajadiliana kwa siku kadhaa, na wanaamua wenyewe kwenda vitani dhidi ya Isengard. Katika filamu wanaamua kutoingia vitani. Ni Pippin anayemshawishi Treebeard apitie njia ya kusini, karibu na Isengard. Huku nako ni kuigeuza kazi ya awali kwa kiwango kikubwa, na kwa mtindo uleule: aliyekuwa na uamuzi wake amefanywa mtu wa kusubiri kubadilishwa.

Lakini badiliko la Treebeard lina sababu inayoonekana. Anafika ukingoni mwa msitu na kukuta miti aliyoijua kwa majina imekatwa. Kimya chake mbele ya visiki hivyo, kisha mlio wake wa uchungu, vinamtosheleza mtazamaji. Yanaweza kuulizwa maswali kuhusu kiongozi wa msitu ambaye hakujua kilichokuwa kikitokea mpakani mwake, lakini hakuna anayeuliza kwa nini amekasirika. Kama uaminifu kwa kitabu ungekuwa ndio kipimo pekee, Treebeard na Faramir wangestahili lawama sawa. Kwa kipimo cha usababishi, mmoja anasimama na mwingine anayumba.

Toleo refu na kilichobaki bila kujibiwa

Toleo refu lililotolewa Novemba 2003 liliongeza zaidi ya dakika 40. Miongoni mwa nyongeza hizo ni kumbukumbu ya Faramir inayowaonyesha Boromir na Denethor huko Osgiliath, ambapo baba anamsifu mwana mmoja na kumdharau mwingine. Nyongeza hii inamjenga Faramir kwa kiasi kikubwa. Mtazamaji anaelewa kwamba haitaki Pete kwa tamaa ya enzi. Anataka kumpelekea baba yake zawadi itakayomfanya apendwe.

Hata hivyo, kumbukumbu hiyo inaeleza kwa nini Faramir anaitaka Pete. Haielezi kwa nini anaiachia. Kwa hakika inafanya uamuzi wa mwisho uwe mgumu zaidi kueleweka, kwa kuwa mwenye njaa ya mapenzi ya baba anahitaji sababu nzito zaidi ya kuyakosa. Kitabu kilikuwa na sababu hiyo tayari: neno lililotolewa. Kiapo ni kitu cha kuonekana na kusikika, kinachofaa jukwaani na kwenye skrini sawasawa na kitabuni. Waandishi wangeweza kumwacha Faramir atamani, ateseke, hata awafikishe mateka wake Osgiliath, kisha arudishwe na neno lake mwenyewe. Pete ingebaki na makali yake, na Faramir angebaki na sababu yake.

Hitimisho

Robert Stam aliwahi kuonyesha kwamba uhakiki wa filamu zitokanazo na vitabu umejaa msamiati wa hukumu za kimaadili, kama vile usaliti na unajisi, na kwamba msamiati huo huficha zaidi ya unavyofichua. Mapokezi ya The Two Towers yanathibitisha onyo hilo, lakini pia yanaonyesha mpaka wake. Kuikataa lugha ya usaliti hakumpi mhakiki ruhusa ya kuikataa lawama yenyewe. Hadhira inaweza kukosea katika kutaja ugonjwa na bado ikawa sahihi katika kuonyesha mahali panapouma.

Kwa mtafiti wa uhusiano wa riwaya na filamu, matokeo ya uchunguzi huu ni ya kimbinu. Orodha ya tofauti kati ya kitabu na filamu, hata iwe kamili kiasi gani, haijawa uhakiki. Vilevile, kuikusanya kauli ya hadhira na kuihesabu kuwa ya kuridhika au kutoridhika hakutoshi. Kila lawama inapaswa kuulizwa maswali mawili: imegusa nini katika kazi, na je, kilichoguswa kingebaki kuwa kasoro kama kitabu kisingekuwepo? Kwa jeshi la Waelvu huko Helm's Deep, jibu la swali la pili ni hapana. Kwa Faramir, jibu ni ndiyo; na ndiyo maana lawama yake inastahili kusikilizwa hata na wale ambao hawajawahi kukifungua kitabu.