Fundi wa Pumzi

Hapa Kalamba, kaunti ya Makueni, kila mtu anaijua kompresa. Iko kwa fundi wa panchari kando ya barabara, ikijaza gurudumu la bodaboda kwa presha ya bar mbili hivi. Iko kwa mpaka rangi wa magari, ambako hufika bar nane. Kubwa kuliko zote huja juu ya lori la kuchimba kisima, ikinguruma mchana kutwa kwa bar 20 na ushei ili vumbi la mwamba litoke ardhini. Lakini ipo kompresa nyingine ambayo sisi watu wa bara hatuioni kwa urahisi. Ile ndogo yake hubebwa na watu wawili, ilhali inasukuma hewa hadi bar 200, hata 300. Ndiyo ijazayo mitungi ya wapiga mbizi kule Diani, Watamu na Mombasa. Katika kazi zote za chuma ninazozijua, sijaona inayostahili heshima kama kazi ya kuifungua mashine hiyo, kuifufua na kuiboresha.

Makueni haina bahari, lakini msiba wa bahari umewahi kutufikia. Septemba 29, 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri katika kivuko cha Likoni, Mombasa, na kuzama na mama na bintiye. Liliopolewa Oktoba 11 kutoka kina cha mita 58, na marehemu wakazikwa katika kaunti yetu. Siku zile watu wengi waliuliza mbona kazi inakawia. Jibu moja limo ndani ya mtungi. Mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200 una hewa lita 2,400. Hapa juu, mtu anayevuta lita 20 kwa dakika atakaa nao saa mbili. Kwenye mita 58 presha ni karibu mara saba ya hapa juu, kwa hiyo hewa ileile haifiki dakika 18, na hapo hajaanza kupanda.

Huko chini uchafu nao huzidi makali kwa kiasi hichohicho. Kaboni monoksidi kidogo, ambayo mtu angeivumilia akiwa ufukoni, humdhuru kana kwamba ni mara saba ya ilivyo. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Kanuni ya Ulaya ya hewa ya kuvuta, EN 12021, hairuhusu izidi sehemu tano katika milioni, na mafuta yasizidi nusu miligramu katika mita moja ya ujazo. Mpiga mbizi akishauma kifaa cha kuvutia hewa, hana tena namna ya kukagua anachokivuta. Fundi ndiye aliyemkagulia.

Ugumu wote wa mashine hii unatokana na joto. Hewa ikibanwa hupata moto, na ukiibana kwa mkupuo mmoja hadi bar 200, kwa hesabu ingepita nyuzi 1,000 za selsiasi, mafuta yashike moto na chuma kiharibike. Ndiyo maana hubanwa kwa hatua, mara nyingi tatu. Kila hatua huizidisha presha takriban mara sita: bar 6, kisha 37, kisha zaidi ya 200. Baada ya kila hatua hewa hupitishwa kwenye mabomba yaliyopindwapindwa ili ipoe. Pistoni nazo hupungua ukubwa, ya kwanza pana, ya mwisho nyembamba kama kidole.

Pistoni hiyo ya mwisho ndiyo inayonishangaza zaidi. Katika kompresa nyingi ndogo haina ringi hata moja. Inazuia hewa kwa sababu tu imechongwa ikaenea ndani ya silinda yake, nafasi kati ya viwili hivyo ikiwa ndogo kuliko unene wa unywele. Fundi huisafisha, huiingiza katika silinda na kuiacha ishuke kwa uzito wake. Ikishuka taratibu, bila kukwama wala kuporomoka, ni nzima. Ikiporomoka, imekwisha, na haibadilishwi peke yake: pistoni na silinda yake vilizaliwa pamoja na hutupwa pamoja.

Valvu zinahitaji subira ya aina nyingine. Fundi hupaka dawa laini ya kusagia juu ya kioo kilichonyooka, akaisugua sahani ya valvu kwa mizunguko ya umbo la nane ili isilike upande mmoja. Anaifuta, anaitazama kwenye mwanga, anarudia. Akishaifunga mahali pake humimina mafuta ya taa juu yake na kungoja. Yakipenya hata kidogo, anarudi kwenye kioo. Hakuna atakayemwona akirudi, na mteja hawezi kujua tofauti kwa kutazama. Kurudi huko ndiko ninakokuita ufundi.

Fundi mzuri huongeza pia vitu ambavyo mashine haikuja navyo. Cha kwanza ni geji kati ya hatua na hatua, kwa kuwa geji hizo husema ugonjwa uko wapi. Presha baada ya hatua ya kwanza ikipanda kuliko kawaida, hatua ya kwanza haina kosa. Ni valvu ya hatua ya pili inayorudisha hewa nyuma. Ikishuka, hatua ya kwanza yenyewe imechoka. Asiyejua hilo hufungua upande usio na kosa.

Cha pili ni chanzo cha hewa. Kompresa ya injini ya petroli hukaa karibu mno na moshi wake. Fundi huondoa injini na kuweka mota ya umeme, au, pasipo na umeme, huinua bomba la kuvutia hewa juu na kulielekeza upepo utokako. Cha tatu ni puli: puli kubwa zaidi kwenye kompresa hupunguza mzunguko. Mtungi utachelewa kujaa, lakini joto litapungua na mashine itadumu.

Cha nne ni filta ya ziada, kwa kuwa unyevu wa pwani una ukali wake. Hewa ya nyuzi 30, yenye unyevu wa asilimia 80, hubeba kama gramu 24 za maji katika kila mita ya ujazo. Kujaza mtungi mmoja wa lita 12 ni kukamua karibu gramu 60 za maji. Yasipotolewa kila baada ya dakika chache hufika kwenye filta na kuiua. Ndani ya filta mpangilio ni sheria: kwanza chembe za kunyonya unyevu, ndipo hopkaliti, mchanganyiko wa oksidi za manganizi na shaba unaogeuza kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi. Hopkaliti ikilowa haifanyi kazi. Mkaa maalumu huondoa mvuke wa mafuta na harufu. Kwa hiyo mnara wa pili wa filta si anasa.

Fundi huyo pia anajua mipaka yake. Fremu ataichomelea, kinga ya mkanda ataikata mwenyewe, mabomba ya kutolea maji atayapanga upya. Valvu ya usalama haichongi wala kuibana ili ipitilize; hununua mpya, hata ikibidi kuisubiri kutoka Ujerumani au Italia. Na kila saa ya kazi ya mashine huandikwa daftarini, maana filta huhesabiwa kwa saa.

Wahunzi wetu wa Kikamba walisifika zamani kwa minyororo ya waya mwembamba, kila kipete kikiungwa kwa mkono. Vijana wa Kalamba wanaofungua pampu za visima na injini za bodaboda wana mikono hiyo tayari. Wanachokosa ni mikromita, daftari la saa, na mwalimu wa kuwaambia kwamba kazi iliyofichika ndani ya chuma hukaguliwa vikali zaidi kuliko inayoonekana. Vyuo vyetu vya ufundi vingeweza kuwapa hayo matatu. Anayeweza kukabidhiwa pumzi ya mtu aliye chini ya maji ataweza kukabidhiwa mashine yoyote nchini.