Fundi wa mtandao hujulikana kwa swali lake

Jioni moja, Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, mama mmoja alifika kwenye meza ya fundi simu. Walipokwisha kusalimiana akamkabidhi simu. "Mwanangu, Wi-Fi haishiki tangu Jumamosi."

Fundi hakugusa bisibisi. "Simu za wengine hapo nyumbani zinashika, mama?"

Mama akafikiri kidogo. "Ya mjukuu wangu nayo inasumbua."

Fundi akawasha hotispoti ya simu yake mwenyewe, akaiunganisha ya mama. Ikashika palepale. "Simu yako nzima. Kazimeni rauta, mngoje kidogo, muiwashe tena. Ikigoma, waiteni waliowafungia." Akamrudishia simu, na hakudai hata shilingi.

Nimekaa miaka mingi kwenye mabenchi ya mafundi simu, na kwangu dakika zile chache zilikuwa ufundi uliokamilika. Kutoka kidoleni kwako hadi kwenye intaneti kuna pingili nyingi: programu, mipangilio, chipu, antena, hewa, rauta au mnara, kisha mtoa huduma. Fundi hodari huanza kwa kuthibitisha mahali ambapo ugonjwa haupo. Ukitaka kumpima, mtazame katika mambo haya.

Maswali yake

Sisi wateja tuna neno moja tu: "mtandao unasumbua." Fundi mzuri halipokei hivyo hivyo. Atataka kujua kama simu hailioni kabisa jina la Wi-Fi, au inaliona lakini inakataa neno la siri, au imeungana vizuri ila kurasa hazifunguki. Hayo ni magonjwa matatu, na kila mmoja una njia yake. Atauliza tatizo lilianza lini, na kama kuna mtu aliyebadilisha kioo, betri au kava siku za karibuni. Asiyeuliza lolote anabahatisha, na anabahatisha kwa fedha zako.

Mpangilio wa hatua

Angalia anaanza na nini. Fundi mwenye adabu ya kazi huanza na hatua isiyoharibu kitu: anawasha hali ya ndege na kuizima, anazima simu na kuiwasha, anaifanya simu isahau mtandao kisha anaunganisha upya. Halafu anatazama tarehe. Hili wengi hulidharau. Simu iliyokaa bila chaji kwa muda mrefu huweza kuamka ikiwa na tarehe ya zamani, na kwa kuwa vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kivinjari hukataa kufungua kurasa ingawa Wi-Fi imejaa. Fundi akirekebisha saa, kazi imekwisha.

Akifikia kurudisha mipangilio yote ya mtandao mwanzo, atakuonya kabla ya kubonyeza kwamba maneno ya siri ya Wi-Fi uliyohifadhi yatafutika. Anayekimbilia kuflashi simu, yaani kuipakia programu yake upya, kama hatua ya kwanza, mnyang'anye. Kuflashi kunaweza kufuta picha na namba zako zote, na kukifanywa vibaya kunaweza kupoteza hata IMEI, zile tarakimu 15 unazoziona ukibonyeza *#06#. Tanzania ilianza kuzizimia mtandao simu bandia Juni 2016 kwa kutumia namba hiyo hiyo. Fundi makini huiandika pembeni kabla ya kugusa programu ya simu.

Namba anazosoma

Vijiti vya mtandao haviaminiki, kwa sababu kila kampuni ya simu huamua yenyewe kijiti kimoja kina maana gani. Fundi anayejua hufungua programu ya kupima na kusoma dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Hapo namba huwa hasi: Wi-Fi ya -50 ina nguvu, ya -67 bado inafaa kwa simu ya video, na ya -80 inasuasua. Kila unaposhuka 10, nguvu inabaki sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo ukitoka sebuleni kwenye -60 ukaingia chumbani kwenye -80, umebakiwa na sehemu moja ya mia. Hapo simu haina kosa. Kosa ni la kuta.

Atakueleza pia habari ya masafa. Wi-Fi ya GHz 5 ina kasi kubwa, ila ukuta wa tofali huichosha upesi. Ya GHz 2.4 hupenya zaidi, lakini inagombania hewa na Bluetooth, na jiko la maikrowevu likiwaka nalo huivuruga. Kwenye iPhone, anwani inayoanza na 169.254 humwambia jambo moja: rauta haikuipa simu anwani, hivyo hana sababu ya kuifungua.

Mkono wake

Ikibidi kufungua, tazama mezani. Skrubu za simu hazilingani urefu, na ndefu ikiingizwa mahali pa fupi inaweza kutoboa saketi. Fundi mzuri huzipanga kwa umbo la simu yenyewe, kila moja upande ilikotoka.

Simu yangu iliwahi kupoteza mtandao baada ya kubadilishwa betri. Fundi wa kwanza aliiflashi, na picha za arusi ya mdogo wangu zikapotea zote. Wa pili aliinua kava, akamulika kwa tochi na kunionyesha waya mwembamba mweusi, kichwa chake kidogo kuliko punje ya mtama. Ulikuwa waya wa antena, umeachwa bila kubanwa. Akaubonyeza kwa ncha ya kibano, ukalia *tik*. Mtandao ukarudi. Tangu siku hiyo, nikimwona fundi anashika mashine ya hewa moto kabla ya kukagua viunganishi vya antena, nachukua simu yangu naondoka.

Jaribio la mwisho

Usikubali kazi ipimwe mezani tu, simu ikiwa imelala karibu na rauta. Hata antena iliyokatika hushika ikiwa hatua mbili kutoka hapo. Fundi anayeiamini kazi yake atakwambia mwenyewe: "Tembea nayo hadi pale kona, piga simu, fungua video, kisha urudi." Atakungoja akiendelea na kazi nyingine, bila wasiwasi. Ukirudi na mtandao haujakatika, mlipe bila kuomba apunguze. Hizo fedha ni za lile swali aliloanza nalo.