Ray Lema na neno "muziki yetu"

Ukiwauliza watu hapa kambini wakutajie wakubwa wa muziki wa Kongo, utasikia Franco, Tabu Ley, Papa Wemba, Koffi. Ray Lema hatajwi. Na ukimtaja wewe, mtu atakujibu: "Aah, yule wa Wazungu." Mimi naona jibu hilo halina haki. Naliandikia kwa sababu hukumu hiyohiyo inawaangukia vijana wetu.

Ray Lema alizaliwa mwaka 1946 kwenye stesheni ya reli ya Lufu-Toto, Bas-Congo. Akiwa mtoto aliingia seminari ili awe padri. Mapadri wakaona ana kipaji, wakamkalisha kwenye kinanda, akajifunza nyimbo za Kigregori na muziki wa akina Mozart. Upadri aliuacha, kinanda hakukiacha. Kinshasa alipiga na bendi za mjini. Halafu mwaka 1974 akapewa kuongoza muziki wa Ballet ya Taifa ya Zaire.

Tukumbuke ilikuwa enzi gani. Mobutu alishatangaza "authenticité": majina yawe ya asili, nguo za asili, na ngoma ndiyo kabisa. Serikali ilitaka ngoma za kuonyesha wageni. Lema akazunguka nchi kutafuta wapigaji, na huko vijijini akakaa chini kama mwanafunzi. Yeye aliyesoma nota alikutana na wazee ambao hawajui nota hata moja, kumbe wana elimu kamili. Kila mpiga ngoma anashika duru yake fupi, anairudia, na haianzi pale inapoanza ya mwenzake. Zikizunguka pamoja, linatokea gurudumu moja ambalo hakuna mtu mmoja anayelipiga. Serikali ilibaki na maonyesho. Lema aliondoka na elimu.

Mwaka 1979 alikwenda Marekani kwa mwaliko wa Rockefeller Foundation, kisha akahamia Ufaransa. Tangu hapo orodha yake inachanganya watu. Mwaka 1985 yumo kwenye The Rhythmatist ya Stewart Copeland, mpiga dramu wa The Police. Mwaka 1989 anatoa Nangadeef, na ndani wamo Mahotella Queens wa Afrika Kusini. Mwaka 1992 yuko na waimbaji wa Bulgaria wa Profesa Stefanov. Baadaye Wagnawa wa Moroko, muziki wa okestra, piano peke yake kwenye Mizila (2004), piano mbili na Laurent de Wilde kwenye Riddles (2016).

Je, yote ni mazuri? Hapana. Kwenye Nangadeef vinanda vya umeme vya miaka ile vimejaa mno, mpaka sauti za wale mama zinapigania nafasi. Lakini kazi na Wabulgaria inanishangaza kila mara. Watu wale wana midundo ya kuhesabu saba, tisa, kumi na moja. Mtu mwingine angewawekea pigo moja la dansi ili mambo yawe rahisi. Lema anaacha hesabu yao ikae, na yake ikae, gurudumu linazunguka. Basi hicho siyo kurukaruka huku na huku. Ni somo lilelile la wazee wa ngoma, anakwenda nalo kila nyumba.

Sasa nirudi kwetu. Katika kikundi cha vijana ninachosimamia hapa Gashonga tuna kinanda kimoja, na vitufe viwili havilii. Kijana mmoja aliyetoka upande wa Kamanyola anajifunza jazz kwa kufuata simu. Mwenzake akamwambia: "Ile si muziki yetu, bwana. Wageni wakija watataka ngoma." Na kwa upande wa wageni amesema kweli. Tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi, tunaombwa ngoma dakika kumi, picha zinapigwa, basi. Hakuna anayeuliza mtoto alifundishwa na nani, wala kama yule mzee aliyemfundisha atapata mwingine wa kumrithi.

Ndugu zetu wa mashirika, hapa naongea nanyi kwa heshima. Ngoma ya kuonyeshwa tu ni ile ya Mobutu. Mkitaka kusaidia utamaduni wetu, mpeni mzee wa ngoma saa mbili kila wiki na watoto, kalamu na daftari viwepo, na kinanda kitengenezwe. Vyote viwili vikae chumba kimoja.

Na nyinyi vijana wenzangu, mtu hapotezi kwao kwa kujifunza cha wengine. Anapoteza akienda mikono mitupu. Lema alifika kwa Wabulgaria na kwa Wagnawa akiwa na kitu mkononi, ndiyo maana hakumezwa.

Anayetaka kuanza kumsikiliza aanze na Mizila. Mara ya kwanza sikiliza mkono wa kushoto tu. Unashika duru yake na hauiachi, huku wa kulia unazungumza juu yake. Ni piano, ndiyo. Lakini mwite mzee yeyote aliyewahi kupiga ngoma, asikilize pia, halafu mwulize huo mkono wa kushoto umetoka wapi.