Mkono wa Kushoto Ulipotulia

Ukikaa Nkoroi, muziki huutafuti, unakupata ulipo. Nganya zinapita barabara ya Magadi na besi inayotetemesha vioo vya maduka, na Jumapili makanisa ya mabati yanageuza spika nje. Kwa hivyo nilipoona karatasi imebandikwa kwenye duka la M-Pesa, piano, besi na ngoma, Jumamosi saa kumi jioni, kiingilio mia tatu, nilijua nitaenda.

Ukumbi ni ule wa mikutano ya chama na mazoezi ya kwaya. Viti vya plastiki, tulikuwa watu 34. Nilihesabu. Tangu niache chuo mwaka wa tatu nikaanza kuishi kwa kuandika, nimekuwa na tabia ya kuhesabu viti kwenye shughuli za sanaa. Hapo ni shilingi 10,200, kabla ya kulipia ukumbi na kinanda cha umeme, maana piano ya kweli haikuwepo. Majina ya wanamuziki nayaacha. Wote hupiga kanisani na waliniomba nisiwatangaze.

Nusu ya kwanza haikunipendeza. Mpiga piano ana vidole vyepesi, lakini mkono wake wa kushoto ulifanya kazi isiyo yake. Kila noti ya chini ambayo besi alitaka kuisema, piano ilikuwa imeshaisema. Naielewa tabia hiyo. Ukizoea kuibeba kwaya nzima peke yako, mkono wa kushoto unajifunza kuwa besi na ngoma pia. Basi jamaa wa besi akabaki kama mgeni aliyealikwa chakula akakuta sahani zimeshaoshwa.

Na trio ya piano huponea hapo au hufia hapo. Tarehe 25 Juni 1961, Bill Evans alipiga Village Vanguard, klabu ndogo ya chini ya ardhi New York, pamoja na Scott LaFaro kwenye besi na Paul Motian kwenye ngoma. Kwenye rekodi unasikia glasi zikigongana na watu wakipiga soga. Unasikia pia LaFaro akimjibu Evans, akimkatiza, na Evans akimwachia nafasi. Siku kumi na moja baadaye LaFaro alikufa kwa ajali ya gari akiwa na miaka 25, umri wangu. Huwa nikiisikiliza rekodi hiyo nafikiria: kama Evans angejaza kila pengo, tungejua nini kuhusu huyo kijana?

Baada ya mapumziko walipiga benga. Huku kwetu neno jazz lilienda njia yake. Shirati Jazz ya D.O. Misiani na Morogoro Jazz hazikuwa bendi za piano, zilikuwa za magitaa. Na benga haikubali besi iliyonyamaza. Nadhani mpiga piano alilihisi hilo, kwa sababu katikati ya wimbo aliinua mkono wa kushoto akauweka gotini. Tu hivyo. Besi ikaingia, mwanzo kwa woga, halafu kwa maneno marefu, na yule wa ngoma akaweka vijiti chini akachukua brashi ili tuisikie vizuri. Mzee aliyekaa mbele yangu akazima simu. Lori la maji likapita nje likinguruma, hakuna aliyegeuza shingo.

Lawama yangu moja: walikatiza mapema. Utamu wa benga uko mwishoni, pale sauti za watu zinapokaa kando na ala zikaachiwa uwanja. Wao walifika mlangoni wakaaga. Kisha wakafunga na wimbo wa harusi, na mkono wa kushoto ukarudi kazini.

Wakikunja nyaya, yule wa besi aliniambia wakikosa watu hamsini mwezi ujao wataacha, warudi kwa harusi ambako malipo yanajulikana. Nilitaka kumwambia watu 34 wanatosha, kwamba muziki huu unahitaji chumba kidogo ili pumzi ya mpigaji isikike. Lakini si mimi ninayekodi kinanda. Kwa hivyo nasema ninachoweza kusema. Zile dakika sita za benga zilikuwa muziki bora niliousikia mwaka huu bila kupanda matatu kwenda tao. Mwezi ujao nitarudi, na sitakuja peke yangu.