Mkono kwa mkono: Sacramento walivyoumaliza ukame wa misimu 16

Tuanze na kitendo kimoja, maana msimu mzima umo ndani yake. Domantas Sabonis amesimama juu, karibu na mstari wa pointi tatu, kakipa kikapu mgongo. Mpira ameushika kwa mikono miwili, usawa wa kiuno. Kule kona, Kevin Huerter anatembea hatua mbili za kivivu kama mtu asiye na safari, kisha anachomoka. Anapita ubavuni mwa Sabonis, bega kwa bega, anauchukua mpira mikononi mwake kama mkimbiaji anayepokea kijiti. Mlinzi aliyekuwa akimfuata nyuma anajigonga kwenye mwili wa Sabonis na kubaki hapo. Huerter yuko peke yake kwa muda wa pumzi moja. Anatupia.

Timu ni Sacramento Kings, msimu ni wa 2022-23, na kitendo hicho, kilichorudiwa usiku baada ya usiku, ndicho kilichomaliza ukame mrefu kuliko wote wa mtoano katika historia ya NBA. Kwa misimu 16 mfululizo Kings hawakucheza hata mechi moja ya mtoano. Mara ya mwisho ilikuwa 2006, walipotolewa na San Antonio Spurs raundi ya kwanza wakiwa na kocha Rick Adelman. Mtoto aliyezaliwa Sacramento mwaka ule alikuwa ameshafika sekondari, na bado alikuwa hajaiona timu ya mji wake katika mtoano.

Ukame wa namna hii hauji wenyewe. Ligi ina timu 30, na 16 kati yake huingia mtoano, yaani zaidi ya nusu. Juu ya hapo kuna drafti, ambapo timu zilizofanya vibaya hupewa nafasi za mwanzo za kuchagua vijana bora. Mfumo mzima umejengwa kumwinua aliyeanguka. Timu ikibaki chini miaka 16 katika ligi kama hiyo, kuna kitu inakifanya kila mwaka kinachoirudisha chini.

Kwa Kings kitu hicho kilikuwa pupa. Baada ya Adelman, timu ilipitia makocha 11 katika misimu hiyo 16. Kila kocha alikuja na mfumo wake, akataka wachezaji wa aina yake, akaondoka kabla hawajakamilika, na aliyefuata akawakuta watu walionunuliwa kwa ajili ya mchezo ambao yeye hauchezi. Kisa kinachoniuma mpaka leo ni cha kocha Michael Malone. Msimu wa 2014-15 ulianza vizuri, kisha nyota wao DeMarcus Cousins akapata homa ya uti wa mgongo na kukaa nje. Timu ikapoteza mechi kadhaa bila yeye, na Desemba hiyo Malone akafutwa kazi akiwa ameshinda 11 na kupoteza 13. Mwaka 2023, msimu uleule Sacramento waliporudi mtoano, Malone alikuwa Denver akinyanyua kombe la ubingwa.

Pupa hiyohiyo ilionekana kwenye biashara. Mwaka 2015 walitaka nafasi ya mishahara ili wasajili wachezaji huru, wakawapeleka Philadelphia wachezaji watatu na kuongezea haki za drafti za miaka ya mbele. Mwaka 2017 bahati nasibu ya drafti iliwapa Kings nafasi ya tatu, lakini kwa mkataba ule wakalazimika kuiachia Philadelphia nafasi hiyo, wao wakashuka hadi ya tano. Nashukuru kwamba kwenye nafasi hiyo ya tano walimpata De'Aaron Fox, ambaye tutamrudia baadaye. Mwaka uliofuata walikuwa na nafasi ya pili, wakamchukua Marvin Bagley. Luka Doncic, aliyekuja kuwa nyota mkubwa, alikwenda ya tatu.

Monte McNair alikuja kuwa meneja mkuu Septemba 2020 akitokea Houston. Drafti yake ya kwanza, nafasi ya 12, alimpata Tyrese Haliburton: kijana mwenye macho ya pasi, anayefunga kutoka mbali, anayependwa na mji mzima. Ndiyo maana Februari 2022 mashabiki walishika vichwa. McNair alimtoa Haliburton, mwenye umri wa miaka 21, pamoja na Buddy Hield na Tristan Thompson, akaleta kutoka Indiana Sabonis, Justin Holiday, Jeremy Lamb na haki ya raundi ya pili. Wengi waliandika kwamba Kings wamerudia yaleyale. Nami nilidhani hivyo. Nilikosea, kwa sababu nilikuwa napima mchezaji mmoja dhidi ya mwingine, huku McNair akipima kitu kingine.

Fox na Haliburton wote wawili walikuwa watu wa kuendesha mpira. Mmoja akiushika, mwingine alisimama pembeni akisubiri, na ubora wake ulilala. Sabonis, Mlithuania, mtoto wa Arvydas Sabonis, ni mchezaji wa kati anayetoa pasi kama gadi. Akiwepo yeye, Fox anaweza kucheza bila mpira na kuupokea akiwa tayari kwenye mwendo, na kwa mchezaji mwenye kasi ya Fox hiyo ni hatari kubwa kuliko kuanza akiwa amesimama. McNair alinunua sehemu iliyokosekana kwenye mashine, akalipa kwa sehemu nzuri ambayo mashine yake ilikuwa nayo mbili.

Kiangazi hicho akakamilisha. Huerter alitoka Atlanta, Malik Monk akasajiliwa kama mchezaji huru, Keegan Murray akachukuliwa nafasi ya nne ya drafti. Harrison Barnes alikuwepo. Utazame usajili wote huo na utaona wazo moja: Sabonis anakaa juu na mpira, na wanaomzunguka wote ni watu wanaoweza kukimbia na kufunga kutoka mbali.

Kocha aliyepewa kazi ya kulifundisha wazo hilo ni Mike Brown, aliyekuwa msaidizi pale Golden State. Wasomaji wa Afrika wanamkumbuka kwa jambo jingine: ndiye aliyeiongoza Nigeria ilipoifunga Marekani 90-87 huko Las Vegas Julai 2021, katika mechi ya kujiandaa na Olimpiki ya Tokyo. Pale Golden State Brown alijifunza kwa miaka sita jinsi mtu mrefu anavyoweza kuwa kitovu cha pasi huku wafungaji wakimzunguka, na huko ndiko alikotoka na mchoro.

Sasa turudi kwenye kile kitendo tulichoanza nacho, kwa sababu uzuri wake uko katika maswali anayoulizwa mlinzi. Huerter anapokimbia kumwendea Sabonis, mlinzi wake ana njia tatu. Akimfuata nyuma, anazuiwa na mwili wa Sabonis, na Huerter anatupia. Akikatiza kwa ndani ili amsubiri upande wa pili, Huerter anasimama palepale nyuma ya Sabonis kama nyuma ya ukuta na kutupia hapohapo. Akitangulia mbele kumkatia njia ya mpira, Huerter haufuati mpira tena, anakata moja kwa moja kwenda kikapuni na Sabonis anamdundishia pasi mgongoni mwa mlinzi. Mlinzi wa Sabonis akitoka kusaidia, Sabonis mwenyewe anageuka na kushuka kikapuni, na hakuna aliyebaki kumzuia. Hakuna jibu lisilo na adhabu. Na kwa kuwa yule mlinzi mrefu ametolewa mbali na kikapu, njia ya kati iko wazi, na ndiyo njia ambayo Fox aliipita kama upepo.

Nimewafundisha vijana mpira huu, na kijana mrefu kwetu huambiwa maneno yaleyale tangu siku ya kwanza: kaa chini ya kikapu, nyanyua mikono. Baada ya msimu ule niliwapandisha warefu wangu juu na kuwapa mpira. Mazoezi ya kwanza yalikuwa vurugu tupu, vijana wakigongana na mpira ukianguka miguuni. Kinachokosewa mwanzoni huwa kilekile: anayekimbia anapita mbali. Akiacha nafasi ya mkono mmoja kati yake na mrefu, mlinzi anapenya hapo na kila kitu kimeharibika. Ni lazima mabega yagusane. Tazama tena picha za Huerter, utaona jezi yake ikikwaruzana na ya Sabonis kila mara.

Kings walianza msimu kwa kupoteza mechi nne za kwanza. Zamani, hapo ndipo kocha angeanza kufungasha. Safari hii walivumilia, na Novemba wakashinda saba mfululizo. Desemba Sabonis alivunjika kidole gumba cha mkono wa kulia, akaendelea kucheza akiwa amekifunga, yeye akiwa mtu wa mkono wa kushoto. Alimaliza akiongoza ligi nzima kwa ribaundi, 12.3 kwa mechi, na asisti 7.3 juu yake. Murray alifunga pointi tatu mara 206, rekodi ya ligi wakati huo kwa mchezaji wa mwaka wa kwanza. Kila waliposhinda, miale ya zambarau iliwashwa juu ya uwanja wao, Golden 1 Center, ikapanda angani, na mji mzima ukajua matokeo bila kuuliza.

Timu ilifunga karibu pointi 119 kwa kila mashambulizi 100, ufanisi ambao hakuna timu ya NBA iliyowahi kuufikia kabla yao. Mfano wake mkubwa ni tarehe 24 Februari 2023: Kings 176, Los Angeles Clippers 175, baada ya vipindi viwili vya nyongeza. Monk alifunga 45, Fox 42. Ni mechi ya pili kwa wingi wa pointi katika historia ya ligi. Namba ile ya 175 inasema na upande wa pili pia, kwamba ulinzi wao ulikuwa katika theluthi ya chini ya ligi. Pengo hilo lilizibwa na Fox dakika za mwisho, pale mifumo inapochoka na mtu mmoja anatakiwa afunge. Akapewa tuzo ya kwanza kabisa ya mchezaji bora wa dakika hizo. Tarehe 29 Machi wakaifunga Portland 120-80 na tiketi ya mtoano ikapatikana. Walimaliza na ushindi 48, wa tatu Kanda ya Magharibi, kutoka ushindi 30 mwaka uliotangulia.

Mtoano ukawakutanisha na Golden State, mabingwa watetezi, watu walioujua mchoro wa Brown kwa sababu ulitoka nyumbani kwao. Mechi mbili za kwanza Sacramento walishinda. Ile ya kwanza Fox alifunga 38 na Monk 32, na kelele za uwanja ule zilinifikia sebuleni usiku wa manane kama mvua ya mawe juu ya bati. Kisha jibu likapatikana. Mlinzi wa Sabonis, mara Kevon Looney mara Draymond Green, alirudi nyuma na kumwachia nafasi ya kutupia, akijua kwamba Sabonis hana tabia ya kutupia kutoka pale. Aliporudi nyuma, pasi za kukata kikapuni zikafungwa, na walinzi wa nje wakamganda Huerter kabla hajaanza kukimbia. Mitupo yake ikakataa. Mechi ya nne, wakiwa nyuma 126-125, Fox alibanwa na watu wawili, akampa Barnes, na mtupo wa pointi tatu wa Barnes ukagonga chuma. Fox alitoka mechi hiyo na ufa kwenye kidole cha shahada. Wakafika mechi ya saba, nyumbani, na Stephen Curry wa Golden State akafunga 50 na kuwatoa.

Yaliyofuata yananisikitisha kuliko hata mechi ile. Msimu wa pili walishinda 46 na kukosa mtoano kwa kupoteza mechi ya mchujo. Barnes alipelekwa San Antonio Julai 2024. Desemba mwaka huo, Brown akiwa ameshinda 13 na kupoteza 18, alifutwa kazi, chini ya miaka miwili tangu achaguliwe kwa kura zote kuwa kocha bora wa ligi. Februari 2025 Fox alikwenda San Antonio, na katika biashara ileile Huerter akapelekwa Chicago. Miezi minne baadaye Haliburton aliifikisha Indiana mechi ya saba ya fainali. Sabonis alibaki Sacramento, akisimama palepale juu na mpira kiunoni, na aliyekuwa akichomoka kutoka kona hakuwepo tena.