Jibu la kwanza, na nani amelipa?

Bandugu, leo wengi wetu tukiulizwa na mulimaji, tunashika kwanza simu. Mimi pia. Njo maana nilisoma tena maandishi ya mwaka 1998 ya Sergey Brin na Larry Page, wakati walikuwa bado wanafunzi kule Stanford, yenye yanaeleza namna Google inatafuta.

Watu wanayasifu kwa hesabu yake: ukurasa wenye unatajwa na kurasa nyingi zenye uzito, unapanda juu. Kwangu mimi, nguvu yake iko mwishoni, kwenye nyongeza juu ya matangazo. Wanasema walitafuta habari za simu ya mkononi, na kati ya majibu ya juu kabisa wakapata utafiti juu ya hatari ya kutumia simu ukiendesha gari. Injini yenye inakula pesa ya wauza simu ingeelezaje jibu kama hilo? Wakaandika wazi kwamba injini ya namna hiyo itaegemea mwenye kulipa, si mwenye kutafuta. Mwaka 2000 Google yenyewe ikafungua programu yake ya kuuza matangazo.

Ugonjwa waliuona vizuri. Lakini walidhani hatari ni injini kuficha ukweli. Yenye nimeona Mutshatsha ni ingine.

Mama mumoja mulimaji alinitumia picha: majani ya muhindi yametobolewa, viwavi vimeingia ndani ya moyo wa mmea. Nilikuwa Kolwezi, na mega kidogo tu. Nikatafuta, nikafungua jibu la kwanza, nikamutumia jina la dawa. Pembeni ya jibu kulikuwa neno dogo lenye kusema kwamba mtu amelipa. Sikulisoma. Mama akanunua chupa, akapuliza juu ya majani, viwavi vikabaki ndani. Akaniuliza: "Mutoto yangu, hii dawa njo yenye mulisoma ku iniversite?"

Hapana, mama. Yenye tulisoma ilikuwa chini kwenye ukurasa uleule, kwenye maelezo ya FAO: kupita shambani mara kwa mara, kuponda mayai kwa mkono, kuweka majivu ao mchanga ndani ya moyo wa mmea mapema. Hakuna mtu anauza majivu, basi hakuna mwenye kuyalipia yapande juu.

Hakuna aliyedanganya. Kosa la haraka ni langu. Lakini mpangilio wenyewe ni shauri: kinachokuja kwanza, mtu wa mega kidogo anakiamini.

Mutaniambia: bila matangazo, nani atalipa? Swali ni la haki, tunatumia bure. Hata sokoni muuzaji anaweka nyanya nzuri mbele, hatumukasirikii, tunajua anauza. Lakini agronome mwenye anakula pesa ya muuza dawa halafu anashauri mulimaji, huyo tunamuitaje? Injini inasimama mbele yetu kama mwalimu, si kama muuzaji.

Na pesa haiishii kwenye majibu. Agosti 2024, jaji Amit Mehta wa Washington aliamua kwamba Google ilivunja sheria ili kulinda ukubwa wake; mwaka 2021 peke yake ililipa zaidi ya dola bilioni 26 kwa Apple na wengine, ili iwe injini ya kwanza kwenye vyombo vyao. Ulaya iliitoza faini ya euro bilioni 2.42 mwaka 2017 kwa kupendelea huduma yake ya kulinganisha bei, na mwaka 2024 mahakama ya juu ya Ulaya ikakubali faini hiyo.

Kwangu, tangazo juu ya dawa na chakula liandikwe kwa herufi kubwa, tena lisikae juu ya shauri. Na sisi je? Kazi zetu za mwisho wa masomo juu ya udongo wa Lualaba zinalala ndani ya kabati. Injini haiwezi kupandisha yenye hatujaweka. Yangu nitaiweka mwezi huu. Yako iko wapi?